Namna ya Kuendesha Mjadala wa Klabu Kuhusu Kiongozi wa Upinzani Aliyezuiliwa na Wanajeshi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu walezi wa klabu za historia na uraia katika shule za sekondari za Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani. Unawafaa wale wanaotaka wanafunzi wao wajadili kwa Kiswahili jambo ambalo darasani hupitiwa juu juu: kiongozi wa upinzani anapowekwa kizuizini na utawala wa kijeshi, anachangia nini hasa mpaka wanajeshi wakubali kukabidhi madaraka kwa raia bila vita? Utahitaji vipindi viwili vya saa moja na nusu, kamba ya katani ya mita kumi na moja, uzi mwekundu wa kufumia sweta, vibanio vya nguo, karatasi za manila zilizokatwa vipande, na maharage ya rangi mbili. Projekta haihitajiki, na kwa jinsi umeme unavyokatika wakati wa mvua ni afadhali usiitegemee.

Mara ya kwanza nilipolijaribu somo hili ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imewakunja wanafunzi kwenye madawati. Nilizungumza dakika arobaini mfululizo juu ya maisha ya Aung San Suu Kyi wa Burma, jinsi alivyotengwa na mume na watoto, jinsi alivyopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1991 akiwa amefungiwa nyumbani kwake, na nilipomaliza nilipigiwa makofi. Kisha msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa ameficha mikono ndani ya mikono ya sweta lake, akauliza: "Mwalimu, kama miaka yote hiyo alikuwa amefungiwa ndani, kazi ya chama alikuwa anaifanya nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimulia hadithi ya shujaa, na katika hadithi ya shujaa swali kama hilo halina pa kukaa. Utaratibu ninaoueleza hapa nimeujenga kidogo kidogo kutokana na swali hilo.

Tangulia na maneno

Tumia dakika ishirini za mwanzo kwenye maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kina hazina na mitego kwa wakati mmoja. Andika ubaoni mahabusu, mfungwa na mtu aliye kizuizini, kisha waulize wanafunzi tofauti zake. Wengi watajua kwamba mahabusu anasubiri kesi yake iamuliwe, na mfungwa ameshahukumiwa. Aliye kizuizini ndiye anayewachanganya, kwa kuwa hana hukumu, mara nyingi hana hata shtaka, na kwa hiyo hana tarehe ya kutoka. Ukipenda kuwaonyesha kwamba jambo hili halikuwa geni hata kwetu, wakumbushe Sheria ya Kuwekwa Kizuizini ya mwaka 1962, iliyompa Rais wa Tanganyika uwezo wa kumzuia mtu bila kumfikisha mahakamani.

Kaa hapo kidogo, kwa sababu kukosekana kwa tarehe ya kutoka ndiko kunakokifanya kizuizi kiwe chombo cha siasa kuliko kifungo cha kawaida. Anayemzuia mtu bila hukumu anaweza kumwachia leo jioni, na aliyezuiliwa analijua hilo, kwa hiyo kila siku inayopita ni siku ya kupimana nguvu: ukikubali hiki, mlango unafunguliwa. Wanafunzi wakishalishika jambo hilo, wataelewa baadaye kwa nini mtu anaweza kukaa miaka kumi na mitano ndani na bado tukasema kwamba alikuwa akifanya mazungumzo.

Mtego mkubwa zaidi ni neno mapinduzi. Sisi tunalitumia neno hilohilo kwa wananchi wanaouangusha utawala na kwa maofisa wachache wanaoiteka redio usiku, na kwa kuwa tarehe 12 Januari ya kila mwaka ni sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar, mtoto analisikia kwanza kama neno la sherehe. Usiporekebisha mapema, utakuta katika daftari kwamba "Burma ilifanya mapinduzi mwaka 1988," na hutajua kama mwanafunzi anawasema waandamanaji wa mwezi Agosti au majenerali wa mwezi Septemba waliowapiga risasi. Mimi huwataka waseme "jeshi lilichukua nchi" kila wanapokusudia tendo la wanajeshi. Si msamiati wa vitabuni, lakini haumpotezi mtu.

Utasikia pia jina la Mandela kabla hujamaliza kuandika kichwa cha somo, na katika mji wenye mtaa unaoitwa Soweto usitarajie vinginevyo. Lipokee jina hilo, kisha uliweke kando kwa heshima. Mandela alikaa ndani tangu mwaka 1962 hadi tarehe 11 Februari 1990, lakini serikali iliyomfunga ilikuwa ya kibaguzi yenye bunge la wachache, haikuwa ya wanajeshi waliochukua nchi. Aliyeko mbele ya Mandela alikuwa mwanasiasa mwenye wapiga kura wake wa kuwaridhisha. Aliyeko mbele ya kiongozi tunayemzungumzia hapa ni mtu mwenye bunduki, ambaye hakuna kura inayoweza kumwondoa ofisini.

Kwa nini uchague Burma

Burma, ambayo wanajeshi wake waliibadili jina kuwa Myanmar mwaka 1989, inaonekana iko mbali na Uyole au Makambako kuliko ilivyo kweli. Askari wa KAR, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Waingereza, ambao wazee waliwaita Keya, walipelekwa huko kutoka Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1944 walipigana na Wajapani katika misitu na matope ya bonde la Kabaw. Wiki moja kabla ya kipindi, watume wanafunzi waulize nyumbani kama ukoo wao una babu au babu mkuu aliyekwenda "vita ya Burma." Akipatikana mmoja tu, nchi hiyo haitakuwa tena jina la kwenye ramani.

Habari hiyo inakufungulia mlango wa jambo la maana. Katika vita hivyohivyo kijana aitwaye Aung San aliunda jeshi la Waburma, akaanza upande wa Japani, na mnamo Machi 1945 akaligeuza dhidi ya Japani. Aliuawa na mahasimu wa kisiasa tarehe 19 Julai 1947, miezi michache kabla ya uhuru, akamwacha binti wa miaka miwili. Binti huyo ndiye Suu Kyi, na jeshi lililomzuia baadaye lilikuwa jeshi lililoundwa na baba yake. Majenerali waliweza kumtukana watakavyo, lakini hawakuweza kulitukana jina lake la kwanza. (Kwa walimu wa Iringa: tarehe 19 Julai ndiyo pia aliyokufa Mkwawa mwaka 1898. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, lakini wanafunzi wangu hawaisahau tena tarehe hiyo, wala ile inayofuata, 20 Julai 1989, siku Suu Kyi alipofungiwa nyumbani kwa mara ya kwanza.)

Kamba

Funga kamba kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma, ikiwa imelegea kidogo. Kila mwaka uchukue urefu wa rula moja ya sentimita 30, kuanzia mwaka 1988 hadi 2021. Miaka 33 itakula mita tisa na sentimita tisini, na kipande kinachobaki kiache kining'inie. Wape wanafunzi kadi za manila zenye matukio bila kuzipanga, nao wazibane kwa vibanio mahali pake: maandamano makubwa ya tarehe 8 Agosti 1988, jeshi kuchukua nchi upya tarehe 18 Septemba mwaka huo, uchaguzi wa tarehe 27 Mei 1990, watawa wa Kibudha kuandamana mwaka 2007, katiba ya wanajeshi ya mwaka 2008, na mengine utakayoyaona yanafaa. Usiwasahihishe haraka. Mabishano ya nani atangulie ndiyo sehemu nzuri ya zoezi, na ukiwa na wanafunzi arobaini kwenye darasa dogo utapata kelele za kutosha kuondoa baridi.

Kadi zikishatulia, mpe mwanafunzi mmoja ule uzi mwekundu auzungushie kamba katika miaka ambayo Suu Kyi alikuwa amezuiliwa. Ataanza Julai 1989 na kufika Julai 1995, rula sita nzima. Atauacha uzi, kisha aendelee Septemba 2000 hadi Mei 2002. Atauacha tena, na kuanzia tarehe 30 Mei 2003, siku ambayo msafara wake ulishambuliwa karibu na Depayin, atazungusha rula saba na nusu mpaka tarehe 13 Novemba 2010. Ukijumlisha vipande vyote unapata takriban miaka 15 katika 21. Mwambie mwanafunzi azungushe mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Kipande cha mwisho humchosha mkono, na wenzake wanaomsubiri huanza kunyamaza bila kuamriwa.

Sasa waulize wanaona nini. Wapo watakaosema kwamba alifungwa muda mrefu, nalo ni kweli, ila si jambo tulilolifuata. Subiri. Baada ya dakika chache kuna atakayeona kwamba kadi ya uchaguzi wa 1990 iko katikati ya uzi mwekundu. Katika uchaguzi huo chama chake, NLD, kilipata viti 392, takriban vinne katika kila vitano, na yeye alikuwa ndani. Hapo umefika kwenye swali la msichana wa sweta, safari hii ukiwa umejiandaa.

Nani alikuwa nje

Jibu lake lina majina, nayo yaandike ubaoni kwa herufi kubwa kama ulivyoliandika jina la Suu Kyi. Mwenyekiti wa chama, Tin Oo, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi, alizuiliwa siku zilezile za Julai 1989. Aliyekiongoza chama mpaka siku ya kura alikuwa Kyi Maung, kanali mstaafu, na yeye pia alikamatwa miezi michache baada ya ushindi. Mwandishi wa habari Win Tin, mmoja wa waasisi, alikamatwa mwaka 1989 na akatoka gerezani mwaka 2008, yaani miaka 19 ambayo dunia iliijua kidogo sana kuliko ile ya Suu Kyi. Wengine walikuwa mawakili, walimu, wanafunzi wa chuo kikuu na wenye maduka, waliotunza orodha za wanachama na kuitisha mikutano midogo kwenye nyumba za watu. Katika shule yangu nilifuta kabisa kauli kwamba "alikiongoza chama kutoka kizuizini," kwa sababu inawanyang'anya watu hawa kazi yao.

Lakini usiruke upande wa pili ukawafanya wanafunzi waamini kwamba aliyekuwa ndani hakuwa na kazi. Alikuwa nayo, na unaweza kuwaonyesha kwa mambo ambayo hakuyafanya. Mwaka 1999, katika nafasi ya kamba ulipoachwa uzi, mume wake, Michael Aris, alikuwa akifa kwa saratani Uingereza. Aliomba viza ya kwenda kumuaga mkewe, wanajeshi wakamnyima, huku wakimwambia Suu Kyi kwamba yeye yuko huru kuondoka. Alijua kwamba akipanda ndege hatarudi, hivyo akabaki, na mume akafa tarehe 27 Machi bila kuonana naye. Darasa hunyamaza hapa, na unaweza kuuacha ukimya huo ukae, ila usiishie kwenye huzuni. Uliza: kama angeondoka, wenzake chamani wangekuwa wanamsubiri nani? Wanajeshi wangehitaji kuzungumza na nani? Mtu aliyebaki ndani ya nchi, hata kama amenyamazishwa, anabaki kuwa mtu ambaye bila saini yake mapatano yoyote hayana uzito.

Hiyo ndiyo hoja ninayotaka mwanafunzi aondoke nayo. Utawala wa kijeshi una bunduki, magereza, redio na hazina, lakini hauwezi kujipa kibali. Kibali kinatoka kwa mtu ambaye umma unamwamini, na kadiri anavyozuiliwa kwa muda mrefu bila kukubali masharti, ndivyo kibali chake kinavyopanda bei. Kadi ya Septemba 2007 inaeleza jambo hilohilo kwa picha: watawa walioandamana waliruhusiwa siku moja kupita mbele ya nyumba yake kandokando ya ziwa Inya, yeye akatokea langoni mvua ikinyesha, viganja vimekutana, akilia. Hakuhutubia. Umma ulichohitaji kujua ni kwamba yupo.

Maharage

Kipindi cha pili kianze na hesabu. Hesabu maharage 75 ya njano na 25 mekundu, uyamwage mezani mbele ya wote. Hilo ndilo bunge lililowekwa na katiba ya mwaka 2008: robo ya viti vyote ni vya wanajeshi wanaoteuliwa na mkuu wa majeshi, bila kupigiwa kura na mwananchi yeyote. Kisha waambie sharti la katiba hiyohiyo, kwamba vifungu vyake vikuu havibadilishwi mpaka wabunge zaidi ya asilimia 75 wakubali. Mwite mwanafunzi mmoja akusanye kura za kuibadili katiba. Atayavuta maharage yote ya njano upande wake, yote sabini na tano, na bado hayatoshi. Anahitaji harage moja jekundu, nalo limeketi kwa amri ya jenerali.

Sijaona maelezo ya mdomo yanayoifikia meza hiyo. Ongeza tu kwamba wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka zilibaki mikononi mwa mkuu wa majeshi, na kwamba katiba ilimzuia mtu mwenye watoto raia wa nchi nyingine kuwa rais, kifungu ambacho kilimgusa Suu Kyi kwa kuwa wanawe wawili walikuwa raia wa Uingereza. Baada ya hapo uko tayari kwa maigizo.

Maigizo ya mezani

Tarehe 19 Agosti 2011 Suu Kyi, akiwa ameachiwa miezi tisa iliyotangulia, alikutana mjini Naypyidaw na Rais Thein Sein, jenerali mstaafu aliyeapishwa mwezi Machi mwaka huo. Walipigwa picha wakiwa wamesimama chini ya picha ya Aung San. Weka meza, viti viwili, na ubandike karatasi ukutani mahali pa picha hiyo. Kundi la kwanza limsaidie rais: uchaguzi wa Novemba 2010 haukuaminiwa na wengi, vikwazo vya Marekani na Ulaya vinabana, anamtegemea mno jirani mkubwa, China, na nyuma yake wapo majenerali wasiotaka kusikia neno mageuzi. Kundi la pili limsaidie Suu Kyi: chama chake kimefutwa kwenye daftari la vyama baada ya kususia uchaguzi huo, wenzake wengi bado wako gerezani, na katiba ni ile ya maharage.

Nimeliona zoezi hili mara nne sasa, na kila mara huanza vibaya kwa namna ileile. Anayemwigiza Suu Kyi anapiga meza na kudai vyote kwa mpigo: wafungwa, katiba, uchaguzi mpya, majenerali mahakamani. Mwaka juzi kijana aliyemwigiza rais, akiwa ndani ya koti langu lililomfika magotini, alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Asante mama, nimekusikia," akainuka na kwenda kuketi dirishani. Darasa likacheka, lakini hakuna aliyejua la kufanya, na ndio wakati wa mwalimu kuingilia kati kwa swali moja: mama huyu ana nini mkononi ambacho rais hawezi kukipata kwingine? Wape dakika kumi. Watakitaja wenyewe: anaweza kuingia bungeni, na akiingia, dunia italiamini bunge hilo, anaweza pia kuzungumza juu ya vikwazo. Mchezo ukirudiwa, unaanza kufanana na mapatano.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Wafungwa wengi wa kisiasa waliachiwa mwishoni mwa 2011 na Januari 2012, chama kikasajiliwa tena, na katika uchaguzi mdogo wa tarehe 1 Aprili 2012 kikashinda viti 43 katika 44 kilivyogombea. Kisha ikatokea habari ya kiapo, ambayo wanafunzi hawaitarajii: wabunge wa NLD walikataa kuapa kwamba "watailinda" katiba, wakitaka neno hilo libadilishwe liwe "wataiheshimu." Baada ya wiki moja na ushee walikubali na kuapa kwa maneno yaleyale, tarehe 2 Mei. Uliza darasa kama walikosea. Hapo pana mjadala wa kweli, kwa maana kila upande una hoja, na mimi mwenyewe nimebadili mawazo zaidi ya mara moja. Kwa sasa naona walikuwa sahihi kuingia, ila hawakujiwekea kikomo cha kuvumilia yale maharage mekundu.

Mwalimu asiyefika mwisho wa kamba anawadanganya wanafunzi wake. NLD ilishinda uchaguzi mkuu wa Novemba 2015, na Suu Kyi akawa Mshauri wa Taifa mwaka 2016, cheo kilichotungwa kwa ajili yake kwa kuwa urais ulikuwa umefungwa. Mwaka 2017 jeshi liliwashambulia Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh, na Desemba 2019 yeye mwenyewe alisimama The Hague mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuitetea nchi yake katika kesi iliyofunguliwa na Gambia. Wanafunzi waliompigia makofi kipindi kilichopita watakasirika. Waache wakasirike, halafu warudishe mezani: aliyehitaji kibali cha jeshi ili atawale, angeweza kulikemea jeshi kiasi gani, na alijaribu? Tarehe 1 Februari 2021 jeshi lilichukua nchi tena, likamkamata, na uzi mwekundu unarudi kwenye kamba.

Mifano mingine, kwa ufupi

Muda ukiruhusu, ingiza Nigeria. Moshood Abiola alishinda uchaguzi wa tarehe 12 Juni 1993, wanajeshi wakaufuta, naye alipojitangaza rais mwaka 1994 akakamatwa. Alikataa kuukana ushindi wake, akafa kizuizini tarehe 7 Julai 1998, mwezi mmoja baada ya kifo cha Jenerali Sani Abacha aliyemzuia. Aliyepokea nchi kutoka kwa wanajeshi tarehe 29 Mei 1999 alikuwa Olusegun Obasanjo, jenerali mstaafu aliyekuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia. Linganisha: kwa nini wanajeshi waliweza kumkabidhi huyu na si yule? Kuna kioja kidogo ambacho wakubwa wa kidato cha sita hukifurahia: Ibrahim Gambari, aliyekuwa balozi wa Nigeria Umoja wa Mataifa miaka yote ya kuzuiliwa kwa Abiola, ndiye aliyetumwa na Umoja huo miaka ya 2000 kwenda Burma kuwashauri majenerali juu ya Suu Kyi.

Korea Kusini inatosha dakika tano. Kim Dae-jung alihukumiwa kifo mwaka 1980, akanusurika, lakini mwaka 1987 wanajeshi walipokubali uchaguzi wa rais wa moja kwa moja, yeye na mpinzani mwenzake Kim Young-sam waligombea wote wawili, na jenerali mstaafu Roh Tae-woo akapita kwa takriban asilimia 36.6 ya kura. Kim Dae-jung alisubiri mpaka uchaguzi wa Desemba 1997.

Maswali ya nyumbani na kazi ya kuandika

Mtoto atauliza kuhusu hapa kwetu. Asipouliza, jua kwamba anaogopa. Nchi yetu haijawahi kutawaliwa na jeshi, na maasi ya askari ya Januari 1964 yalizimwa ndani ya siku chache na kusababisha kuundwa kwa JWTZ mwezi Septemba mwaka huohuo. Waeleze hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba utii wa jeshi kwa raia hujengwa na watu. Kwa maswali ya siasa za sasa, usimkaripie muulizaji na usigeuze klabu kuwa jukwaa la chama chochote. Jambo lililoko mahakamani liache mahakamani, swali liandikwe kwenye karatasi ya pembeni, na umwonyeshe mwanafunzi ni chombo gani cha maneno alichojifunza hapa kinachofaa kulifikiria: huyu ni mahabusu, mfungwa, au yuko kizuizini? Anayetawala ni nani, na kibali chake kinatoka wapi? Mjulishe mkuu wa shule mapema kuhusu mada, umpe orodha ya kadi aione.

Kazi ya kuandika isiwe "Eleza mchango wa Aung San Suu Kyi," maana utaletewa wasifu uliokaririwa. Mimi huwapa hii: ni Aprili 1990, wewe ni katibu wa chama katika mji mdogo wa Burma, mwenyekiti wako amezuiliwa, kiongozi wako amezuiliwa, kura ni baada ya wiki sita, andika barua ya ukurasa mmoja kwa wanachama ueleze mtakalofanya wiki hii. Katika kusahihisha, toa alama kwa anayetaja kazi inayofanyika kwa mikono, kama vile nani atatunza orodha, nani atasimama kituoni, wakikamatwa nani atashika nafasi, na maneno gani yasitamkwe hadharani. Anayejaza ukurasa kwa sifa za kiongozi mrudishie karatasi aandike upya, na umwonyeshe tena kadi ya 1990 ilipobanwa kwenye kamba.